Kabati la Risasi za Majaribio

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya silaha ya kituo chetu cha wanyamapori, Lushoto, Fundi Mkuu alinipa ganda moja tupu la risasi, akaniambia nilitazame. Basi. Alirudi saa sita mchana.

"Umeona nini?"

"Ganda, mzee."

"Tazama tena."

Jioni ndipo nilipoona ufa karibu na kitako, mwembamba kama unywele. Ganda la namna hiyo likijazwa tena, linaweza kumpasukia mpigaji usoni. Nilikasirika kwamba hakunionyesha tangu asubuhi. Sasa namshukuru, ila bado naona angenionyesha saa sita mchana ingetosha.

Bunduki zetu zilikuwa za zamani na risasi zake za kiwandani zilikwisha kuwa adimu, kwa hiyo tulijaza wenyewe, kwa kibali. Vijana mnadhani ni kumimina baruti na kufunga. La! Kila ganda husafishwa, hupimwa urefu, huwekewa fataki, yaani kile kiwashio cha kitakoni. Baruti hupimwa kwenye mizani ndogo ambayo hata pumzi yako huivuruga. Kisha unapiga risasi tano shabahani, unatazama matundu, unabadilisha kitu kimoja tu, unaanza upya. Kimoja tu! Ilinichukua miezi mingi hadi matundu matano yakafunikwa na kizibo cha soda.

Fundi Mkuu alipostaafu, nikahamishiwa Muheza miaka kadhaa, kisha nikarudishwa Lushoto chini ya Mkuu wa Kituo mpya. Huyu alijua kila kitu.

"Fundi, ongeza baruti. Nguruwe wa huku wakubwa."

"Mkuu, ukizidisha, mtutu unatikisika na matundu yanatawanyika. Risasi yenye nguvu isiyofika ulikolenga ya nini?"

"Wewe ongeza."

Kila wiki maneno yaleyale. Mwishowe nikajaza boksi moja alivyotaka, kwa kupunguza kelele, ili nimwonyeshe shabahani kwamba hazifai. Nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: MAJARIBIO, ZISITUMIKE. Nikalifungia kabatini.

Kabla sijapata nafasi ya kumwonyesha, zikaja taarifa kutoka Mlola kwamba nguruwe pori wanamaliza viazi vya watu. Mkuu akataka ufunguo wa kabati. Nikamwambia boksi la wino mwekundu asiliguse. Akanijibu, "Unanifundisha kazi?" Nilikuwa nimechoka kubishana naye. Nikampa ufunguo, nikaenda kunywa chai.

Alilichukua lilelile. Risasi tatu zilikosa kabisa, ya nne ikamjeruhi dume begani. Dume akateremka matutani na kumchana paja Mzee Yohana, mkulima aliyekuwa akichimba viazi vyake.

Wakaguzi walipokuja, Mkuu alisema, "Risasi za Fundi mbovu." Nikawaonyesha boksi na mwandiko wangu. Mkuu akahamishwa, mimi nikapewa pole. Hakuna aliyeniuliza ufunguo alipewa na nani, nami sikusema.

Nilipostaafu, nilipanda Mlola. Nilimkuta Mzee Yohana barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, Fundi."

Nikamweleza yote: wino mwekundu, ufunguo, chai.

"Kwa hiyo ulijua zitakosa."

"Nilijua."

"Na ulikwenda kunywa chai."

"Ndiyo."

Akageuka akalitazama shamba lake la mteremko, nusu yake imeota magugu kwa sababu mguu haumruhusu kulifikia. "Miaka yote hii nimemlaumu nguruwe," akasema.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba. Kabla sijaondoka aliniuliza kama najua kulima matuta. Nikasema najua. Tangu siku hiyo kila Jumanne napanda Mlola, nalima nusu ile ya juu, naye ananikaripia kutoka barazani kwamba matuta yangu yamepinda. Sibishani naye, maana kweli yamepinda.