Kigoda cha Jirani, Jumapili ya Fainali

Televisheni yangu ilikuwa ya kwanza katika mtaa wetu kule Nkuhungu. Mwanangu wa pili, dereva wa malori, ndiye aliyeileta kutoka Dar es Salaam, kaiviringishia blanketi kama mtoto mchanga. Akasimika mti mrefu nyuma ya nyumba, akafunga antena juu yake, akaniambia, "Mama, sasa hutakuwa peke yako." Alfajiri akaondoka na lori lake.

Na kweli, sikuwa peke yangu. Jioni ya kwanza tu chumba kilijaa. Mimi nilikuwa na mkeka na kigoda kimoja, basi kila mtu akaja na kigoda chake. Baada ya siku chache walichoka kubeba, wakawa wanaviacha kwangu, vimepangwa ukutani. Nikifagia asubuhi nilivijua vyote, hiki cha nani na kile cha nani. Cha muuza vitumbua, jirani niliyepakana naye uani, kilikuwa na mguu mfupi. Alikuwa ameupigilia kipande cha ndala ili kisiyumbe.

Huko Kibakwe nilikozaliwa, nyumbani kwa mama yangu, mtu akiacha kigoda chake kwako amekwisha kukuambia kwamba anarudi. Haagi. Anainuka tu, anakung'uta kanga, anakwenda zake. Ndivyo walivyokuwa wakifanya na kwangu, hata wale wasiokuwa Wagogo, nami moyoni nilikuwa nimetulia.

Mwaka huo kulikuwa na shindano moja la kuchekesha kila Jumapili jioni. Hawakuwa waimbaji wala warembo. Walikuwa watu kama sisi, kinyozi, fundi cherehani, mama lishe, wamepewa kazi za kipuuzi kabisa: kukimbiza kuku huku wao wenyewe wamefungwa miguu wawili wawili, kusukuma chapati wamefungwa vitambaa machoni, kuvuka mtaro na ndoo ya maji kichwani. Kila wiki mmoja anatolewa, analia, anakumbatiwa, anaondoka na begi lake. Majina yao ninayo kichwani mpaka leo, yote, hata la yule msichana aliyetolewa wiki ya kwanza kwa kumwogopa kuku. Siyaandiki tu. Majina ya watu si yangu kuyagawa.

Siku ya chapati, kinyozi wa Tanga alisukuma kitu chenye pembe kila upande.

"Hiyo chapati au ramani ya Tanzania?" akasema muuza vitumbua.

"Mwache mwenzio, kafungwa macho."

"Bibi, mume wangu anayo macho yote mawili na bado hawezi!"

Chumba kizima tuliangua kicheko, mpaka chai ikamwagika mkekani. Doa lile halikutoka, na sikulisugua sana.

Lakini miaka ile vitu vilikuwa vinaingia mjini kwa kasi. Duka lililokuwa likiuza chumvi na mafuta ya taa sasa lilipanga televisheni mlangoni, zote zimewashwa. Antena zikaota mtaani moja moja. Na kila antena ilipoota, mtu alikuja kwangu.

"Shikamoo, bibi. Naomba kile kigoda chetu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba kaleta televisheni!"

Nilifurahi nao, siwezi kusema sikufurahi. Nilikifuta vumbi kigoda kabla ya kumpa mwenyewe. Ila nilianza kuona kwamba kule ndani ya televisheni washindani wanapungua, na huku kwangu vigoda vinapungua. Walipobaki kinyozi na mama lishe wa Mbeya, mimi ukutani nilibaki na kigoda kimoja tu, kile chenye kipande cha ndala.

Jumapili ya fainali nilikaanga karanga, nikabandika chai ya tangawizi. Ilipochemka ndipo nilipoona nimepima maji ya watu wote wa mwanzo, sufuria kubwa imejaa. Nikasema, haidhuru, muuza vitumbua anapenda chai. Nikakisogeza kigoda chake karibu na changu, nikaketi nikitazama mlango.

Alikuja. Akasimama kizingitini bila kuvua viatu, nami nikajua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, wanaanza."

"Bibi, mume wangu karudi safari. Kaja na boksi. Watoto hata kula hawataki." Alicheka kidogo. "Na kaja na wageni, hatuna pa kuwakalisha. Nikasema nije nikichukue kile kigoda."

"Chukua, mwanangu. Hongereni sana."

"Lakini nitakuwa nakuja."

"Najua."

Nikampa na bakuli la karanga apelekee wageni.

Nikatazama. Mama lishe aliteleza mtaroni na ndoo yake, akaketi majini, akawapungia watu mkono. Nikasema kwa sauti, "Huyu kaenda kuoga!" Hapakuwa na wa kunijibu. Kicheko kilinijia kutoka nje, kulia, kushoto na nyuma ya nyumba, chote mara moja, kana kwamba ni mtu mmoja anacheka katika nyumba nyingi. Mimi ndiye niliyechelewa. Nilicheka wao walipokwisha kunyamaza.

Kabla mshindi hajatajwa, nikazima. Nikachukua kigoda changu, nikazunguka uani mpaka mlangoni kwa muuza vitumbua. Mlango ulikuwa umerudishwa.

"Hodi!"

Televisheni ilikuwa inanguruma ndani. Nikabisha tena, na tena. Mlango usioitikiwa hodi mimi siusukumi. Nikaketi pale nje, kando ya jiko lake la vitumbua lililopoa. Mtangazaji akaomba watu watulie. Ngoma zikapigwa. Kisha zikapanda kelele mtaa mzima, jina sikulisikia.

Mlango ukafunguka, muuza vitumbua akatoka na beseni kumwaga maji.

"Bibi! Uko nje? Televisheni yako imeharibika?"

"Hapana. Ni nzima."

Nikainuka na kigoda changu.

"Nani kashinda?" nikamwuliza.

"Mama lishe, pamoja na kuteleza kule! Ingia basi, wanamvisha taji. Kwa nini hukusukuma mlango, bibi?"

Niliingia, wageni wakasogea. Washindani wote walirudi kumkumbatia mshindi. Mgeni mmoja akauliza, "Na huyu binti ni nani?" Nikamtajia jina, yule wa kuku. Wakasema bibi ana kichwa, kisha wakazungumza mambo ya safari.

Nilipoinuka, nilikisukuma kigoda changu ukutani, ubavuni mwa kile chenye ndala. Nikakung'uta kanga. Sikuaga.

Asubuhi nikasikia hodi. Muuza vitumbua, sinia kichwani, kigoda changu mkononi.

"Bibi, jana ulisahau kigoda. Nimekifuta kabisa."

"Ahsante, mwanangu."

Akanipa vitumbua viwili vya moto, akaenda zake barabarani, akiwaita wateja. Nikakiweka kigoda ukutani, palipokuwa na nafasi tele. Chai ya jana ilikuwa bado imejaa sufuria. Nikaipasha.