Aliyenunuliwa kwa Kibaba cha Mchele

Dada yangu alinitajia jina la mtoto siku ya tatu baada ya kujifungua, nilipompelekea bakuli la uji wa pilipili manga. Alikuwa amelala ubavu, mtoto kamkumbatia, na alisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Tutampa jina la Bibi."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda na lile bakuli mkononi hadi likaanza kuniunguza vidole.

Jina la Bibi ni Mtumwa. Kwetu pwani si jina geni kwa wanawake wa umri wake, na kwa miaka yote ya utoto wangu nililiona kwenye kitambulisho chake bila kulifikiria. Lakini mimi nilikwenda chuo kikuu nikasoma historia, na tasnifu yangu ilihusu watu waliouzwa na kununuliwa katika miji yetu hii. Nilikaa miezi na hesabu za vichwa, na maelezo ya wanawake waliosahau walikotoka kwa sababu walichukuliwa wakiwa wadogo mno. Nilirudi nyumbani, mtaani kwetu Kuze, na shahada, bila kazi, na neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Utamwita mtoto mchanga Mtumwa," nilisema. "Katika mwaka huu."

"Wewe hunywi uji wangu, nipe," akasema dada.

Nilimpa. Nikamwambia ngoja nikueleze. Nikamweleza kuhusu siku ya kwanza shuleni mwalimu akiita majina, watoto wakicheka. Nikamweleza kuhusu dirisha la pasipoti katika nchi ya watu, afisa akiuliza maana yake. Nikafika kwenye posa, wakwe, barua za kuomba kazi. Mambo hayo nilikuwa nimeshayapanga kichwani kwa muda wa kunywa vijiko vinne vya uji, ndivyo nilivyo. Mama husema mimi nikiona wingu huanza kutafuta mtumbwi.

Dada alimaliza uji wote ndipo akanijibu.

"Wale wawili wa kwanza niliwachagulia majina mazuri. Wewe ndiye uliyenisaidia, tukatafuta mpaka maana. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Wote wawili hawakufika siku ya saba.

"Basi majina mazuri nimeshayazika. Mimi sasa nataka mtoto." Akamfunika binti yake sikio kwa ncha ya leso, kana kwamba maneno yangu yangemwingia. "Niliweka nadhiri. Bibi kaka zake na dada zake walikufa watatu, yeye akapewa jina hilo akabaki, na mpaka leo anagombana na muuza samaki. Huyu akibaki hivyo, wamcheke watakavyo."

Nilipaswa kuliacha pale. Badala yake nilikwenda chumbani nikaandika kwenye simu orodha ya majina kumi na manne, yote mafupi, yote yenye heri, niwe nayo tayari akibadilisha nia.

Sasa lazima nieleze jambo moja la nyumba yetu, maana bila hilo yaliyotokea hayana kichwa wala miguu. Kwetu jina la mkubwa halitamkwi. Baba yangu ni mtoto wa Bibi, hajawahi kulitaja mdomoni mwake. Mume wa dada ni mkwe, kwake ni aibu zaidi. Na Mama, aliyeingia nyumba hii akiwa bibi harusi, amelikwepa kwa miaka thelathini na kitu kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Kuna jirani wa mtaa wa pili mwenye jina hilo hilo. Mama humwita "yule mwenye jina la mama". Hata neno lenyewe la kawaida hulizunguka. Nilipohitimu, aliwaambia wageni kwa fahari kwamba binti yake ameandika kitabu kizima juu ya "wale waliouzwa".

Wajukuu sisi tuna ruhusa. Mjukuu na bibi ni watani, anaweza kumwambia lolote. Ila sisi nasi tulishazoea kumwita Bibi tu.

Ndiyo maana siku ya sita Mama alinipa kazi. Kesho yake ingekuwa akika, karamu ya kumtaja mtoto jina: mbuzi amekwisha nunuliwa, sinia zimeazimwa kwa majirani, na mwalimu wa kuja kusoma dua alikuwa mgeni kwa vile mwalimu wetu wa siku zote alikuwa safarini. Huyu hakujua jina la mtu yeyote nyumbani mwetu.

"Wewe una mwandiko mzuri," Mama akasema. "Andika lile jina kwenye kikaratasi, umpe shemeji yako, naye ampe mwalimu. Asije akauliza pale mbele za watu tukaumbuka."

Nilichukua kikaratasi. Niliweka kalamu juu yake. Kisha nikakitia mfukoni kikiwa kitupu, nikaenda kumtafuta Bibi.

Nilikuwa na mpango, na nitausema ingawa sijivunii. Dada alifungwa na nadhiri, lakini kama Bibi mwenyewe angesema "msimpe mtoto jina langu," nadhiri ingelegea bila mtu kuonekana mbaya.

Bibi alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, anafunga vikuba vya kesho, vile vishada vya maua vya wanawake kujipachika. Asumini zilikuwa ndani ya ungo, majani ya rehani pembeni, na uzi ameuma kwa yale meno yake mawili ya mbele. Nilimwamkia, nikabusu mkono, nikakaa nikaanza kumpasulia nyuzi.

"Bibi, ulipokuwa mdogo walikuwa wakikucheka kwa jina lako?"

"Wakinicheka miguu," akasema. "Nilikuwa na miguu kama ya korongo. Jina hakuna aliyelijali, chuoni, kwenye Kurani, tulikuwa Watumwa wawili."

"Lakini hukuwahi kuuliza kwa nini ulipewa?"

Akanitazama kama anayepima kama nimeshiba au la.

"Mamangu alizaa watatu wakafa. Mimi nilipozaliwa, somo yake, yule aliyemfunda, akamwambia huyu usimpokee, akija wa kumchukua amkute si wako. Wakanibeba wakaniweka jaani, pale nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya muhogo. Jirani akapita, akajifanya hajui. Akaniokota, akaja kubisha mlangoni: jamani, nimeokota kitoto, nani atanunua? Mamangu akatoka akasema, kitoto chenyewe kibaya, lakini nitakichukua kinipepetee mchele. Wakabishana bei."

"Wakabishana?"

"Wakabishana hasa. Jirani akataka vibaba viwili, mama akasema kwa miguu hii? Wakaafikiana kibaba kimoja cha mchele. Basi mimi ni wa kununuliwa. Mauti yalipokuja kutafuta mtoto wa nyumba ile hayakumkuta, yalikuta kijakazi."

Alicheka, akaokota asumini iliyoanguka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba kuna waliobeba neno hilo na hawakununuliwa na mama zao. Nilimwambia kidogo juu ya yale niliyosoma, nikiogopa kila sentensi.

Bibi hakuacha kufunga.

"Wajua yule mwenzangu wa chuoni niliyekwambia? Yeye jina lake lilikuwa la bibi yake, na bibi yake aliuzwa kweli, sokoni, na watu wa mji huu huu. Alipokuwa mkubwa akalibadilisha. Akaja kuniuliza, wewe hubadilishi? Nikamwambia langu alinipa mamangu kwa kulia. Lako walikupa wengine. Lako litupe." Akakata uzi. "Tukabaki marafiki mpaka alipokufa. Neno moja, lakini hatukuvaa nguo moja."

Nikauliza lile nililokwenda kuuliza. Je, angependa kweli mtoto apewe?

"Mimi sikumwambia dadako ampe, na sitamwambia asimpe. Mwanawe ni wake." Akachomoa uzi mwingine. "Lakini ni jina ambalo silisikii tena. Dadangu mdogo ndiye aliyekuwa akiniita, kwa sauti, kutoka barazani mpaka mtaa wa tatu. Tangu afe yeye, niko Mama, niko Bibi, niko Bi Mkubwa. Hospitali wananiita shosho, bibi kwa maneno ya bara." Alinipa kikuba nikinuse. "Hiki cha dadako. Kimekaa?"

Usiku ule nilikitoa kikaratasi mara kadhaa. Sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba nitaandika asubuhi, baada ya kufikiri.

Asubuhi hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Nilimenya vitunguu mpaka nikawa sioni, nikapokea sinia, nikaelekezwa nilete barafu, nikaambiwa barafu si kazi yangu nirudi kwenye vitunguu. Harufu ya pilau ilikuwa imeshateremka ngazi na kutoka hadi kichochoroni, na watu wasioalikwa walipita kusalimia kwa upole usio wa kawaida. Wanaume walijaa sebuleni. Wanawake tulikuwa chumba cha ndani, pazia likitutenga nao. Dada alibaki juu, kwa sababu ya mshono wa kujifungua. Mtoto, aliyekwisha nyolewa na kupakwa zafarani utosini, alikuwa mapajani mwa Bibi, hatua tatu kutoka pazia.

Mimi nilikuwa nimeingia sebuleni na birika la kahawa mwalimu aliposema, "Haya, tumtaje mtoto. Jina lake nani?"

Shemeji aligeuka kunitazama. "Kikaratasi kiko wapi?" akanong'ona.

Nilitia mkono mfukoni nikakitoa. Kilikuwa kimekunjika, kina alama ya kitunguu, na hakikuwa na hata herufi moja. Shemeji akakigeuza upande wa pili, halafu akakigeuza tena.

"Jina nani?" mwalimu akarudia.

Shemeji akasafisha koo. "Ni jina la Bibi, mwalimu."

"Mashallah. Bibi nani?"

"Bibi... Bibi yetu. Huyu wa hapa nyumbani."

Mwalimu akamgeukia Baba. Baba alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye mkeka. "Ni mama yangu," akasema.

"Vyema, mama yako Mungu amweke. Anaitwa nani?"

"Anaitwa Mama," Baba akasema, na mzee mmoja pembeni akaanza kutikisika mabega.

"Muulizeni mamake mtoto," mwalimu akasema.

"Yuko juu."

"Basi mama mwenye nyumba."

Nyuma ya pazia nikasikia Mama akivuta pumzi kama mtu anayemwagiwa maji baridi. "Ni lile," akasema, "la yule jirani wa mtaa wa pili."

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja. Sidhani kama aliwahi kuona nyumba iliyosahau jina la bibi yake kwa pamoja. Ndipo shemeji akasema kwa unyonge, "Huyu mjukuu anaweza," na nyuso zote zikanigeukia mimi na birika langu.

Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko ule ule uliotoka kikaratasi. Majina kumi na manne yalikuwa mle, na nilikuwa nayakumbuka yote kwa moyo. Lolote ambalo ningesema, mwalimu angelirudia, watu wangeitikia, na lingekuwa limekwisha. Hakuna mtu pale ambaye angeweza kunisahihisha, kwa sababu kunisahihisha kungemlazimu kulitaja lile la kweli, na Bibi alishasema hataingilia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na uwezo wa kuamua jambo peke yangu, na muda wa kuliwaza haukuwepo.

Nilichowaza ni maganda ya muhogo, na mwanamke anayetoka mlangoni kununua mwanawe mwenyewe, moyo unamdunda, huku akisema miguu mibaya.

"Mtumwa," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa woga.

Na kutoka nyuma ya pazia, papo hapo, nyembamba na ya haraka kama ya msichana aliyeitwa akiwa kazini, ikaja sauti.

"Labeka."

 Kisha nikamsikia Bibi mwenyewe akicheka, halafu Mama, halafu ukumbi mzima. Yule mzee wa pembeni alilazimika kushikwa. Mtoto akalia kwa kelele zetu, sauti kali isiyo na ugonjwa wowote ndani yake, na wanawake wakampigia vigelegele kana kwamba ameimba.

Mwalimu alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu, akauliza, "Mtumwa wa nani?"

"Wa Mungu, mwalimu," Baba akasema. "Kama lilivyo jina lako."

Jina la mwalimu linaanza na Abdul, ambalo kwa Kiarabu ni mtumwa wa. Nusu ya wanaume wa mle ndani majina yao yanaanza hivyo. Miaka yote ya kusoma, na hilo lilikuwa halijanipitia akilini.

Nilipanda ngazi mbili mbili na sahani ya pilau. Dada alikuwa amekaa wima kitandani.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Lipi?"

"Lile."

"Mbona wanacheka?"

Nikamsimulia. Alicheka akishika mshono kwa mikono miwili, akiniomba ninyamaze, na nilipomwambia Mama alivyomtaja jirani akanirushia mto.

Mtoto sasa anatembea. Mama yake amerudi kazini, kwa hiyo mchana kutwa yuko Kuze na Bibi, wanagombana na muuza samaki pamoja. Mama yangu, ambaye bado hawezi kulitaja jina la mama mkwe, humwita Bi Mdogo. Baba humwita Mama. Shemeji humwita Kipenzi. Bibi humwita Somo, kwa kuwa jina lao ni moja. Nimepata kibarua cha ukarani karibu na bandari ya Kilindini, na huko, katikati ya makaratasi ya watu, nikaanza kuwaza: siku atakapokwenda shule, mwalimu akaita jina lililo kwenye orodha, huyu mtoto hatajua kwamba ndiye yeye.

Nililiwaza hilo wiki nzima. Kisha nikapata dawa yake. Kila jioni nikirudi, kabla sijavua viatu, husimama barazani na kuita jina hilo kwa sauti inayofika mtaa wa tatu. Huwa naitikiwa mara mbili.