Winda za Mwanangu Zilizohamia Makambako

Tik.

Kifuniko cha mkebe wa mafuta. Mlio wake niliujua hata usingizini, maana mkebe ule ulikuwa wa mwanangu Tabea. Mafuta ya kondoo, ya kumpaka asipasuke ngozi kwa baridi ya Njombe.

Ilikuwa alfajiri, giza bado. Mimi nimelala, Tabea kwapani pangu. Basi anayefungua ni nani?

Elieza. Mume wangu.

Nikafumba macho. Nikamsikia anakomba, anafunika polepole, anabeba mfuko wake wa randa na patasi, anatoka kuwahi lori la Makambako.

Kulipokucha nikachungulia mkebe. Nusu imekwenda!

Mwaka huo wa hamsini na mbili nilikuwa mke kijana, mtoto mmoja, mume seremala aliyefunzwa misheni. Tangu Pasaka alikuwa kwa mzungu mmoja mkulima wa Makambako, tukimwita Bwana Galani. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi.

"Unatengeneza nini huko, Baba Tabea?"

"Mbao tu."

Mbao tu! Mlango ni mbao tu. Jeneza ni mbao tu.

Juma lililofuata ikaondoka pamba. Mto wa Tabea niliukuta umelegea kama shavu la kikongwe, umeshonwa upya kwa uzi mweusi. Mshono wa mwanamume, jamani. Kama nyayo za kuku.

Halafu zikaondoka winda. Zile kuukuu, laini, nilizoziweka nikitumaini Mungu atatupa mwingine.

Darasa la jioni lilinifunza kujumlisha. Nikajumlisha. Mafuta, pamba, winda. Wewe uliyezaa, niambie: mwanamume anampelekea nani vitu hivyo kimyakimya?

Jirani yangu Idda hakunisaidia hata kidogo.

"Mwenzangu, huko kuna mzazi," akasema, huku anapepeta ulezi. "Tena kitoto kichanga kabisa."

"Labda winda ni za kufutia mikono."

"Hee! Na mafuta je, anayalamba?"

Nililia. Kisha nikafunga unga wa ulezi kwenye kitambaa. Idda akaniona mwendawazimu, lakini kwetu huingii nyumba ya mzazi mikono mitupu. Hata kama mzazi mwenyewe ndiye anayekuvunjia nyumba. Mtoto wake ana kosa gani?

"Nitamkabidhi unga wake," nikasema, "nimwone usoni. Kisha mimi na Tabea tunakwenda kwa mama, Lupembe. Sirudi."

Niliposhuka kwenye lori Makambako, upepo ulitaka kunivua kilemba. Nikamwuliza dada mmoja muuza viazi.

"Kamwene, dada. Fundi Elieza anakaa wapi?"

Akanitazama, akamtazama Tabea niliyemshika mkono.

"Yule wa bandani kwa Galani? Kutwa anachemsha maji, moshi mtindo mmoja. Na hataki mtu achungulie."

Maji ya moto! Ya kumkandia mzazi.

Leo kitaeleweka, nikajisemea.

Sikupiga hodi. Nikasukuma mlango wa banda kwa bega.

Hapakuwa na kitanda. Hapakuwa na mwanamke.

Palikuwa na mashua.

Ndefu, nyembamba kama samaki, imeegemezwa kwenye magogo, huku milimani ambako mtumbwi wenyewe hatuujui. Mume wangu alikuwa ndani yake, viganja kavizungushia winda za Tabea asiungue, anavuta mti wa ubavu wa mashua uliolainishwa kwenye sanduku la mvuke wa maji yale ya moto, anaupinda kabla haujapoa.

Pamba yetu ilikuwa imesokotwa na kushindiliwa katika nyufa. Skrubu za shaba zilikuwa zimechovywa katika mafuta ya mwanangu, ziingie bila kupasua mti.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maranda.

"Sasa kwa nini hukuniambia, wewe?"

Aliyenijibu si Elieza, ni Bwana Galani mwenyewe, aliyetokea nyuma ya mashua, kwa Kiswahili chake cha shambani, huku anapapasa mbao kama mtu anayemsugua ng'ombe wake. Mashua ile ya tanga ilijengwa Uskochi kabla ya vita vya kwanza, kwa ajili ya baba yake. Ilishindana na nyingine, ikarudi na vikombe. Yeye akaileta kwa meli, kwa treni, kwa lori, aifikishe Ziwa Nyasa. Vita vya pili vikaikuta Makambako. Aliporudi kutoka vitani, upepo ulikuwa umekausha mbao mpaka unaona mwanga upande wa pili, na mbavu zimevunjika. Vifaa vilivyoagizwa Ulaya vilichelewa, fundi akasema atatafuta vya badala.

"Fundi mzuri sana," akamaliza. "Sasa mimi na yeye kwenda Nyasa. Miaka mbili. Yeye hapana ambia wewe?"

Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Elieza?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema, Hulda."

"Namna! Umejua namna ya kushona mto gizani, ukakosa namna ya kufungua mdomo?"

"Ungelia."

"Nimeshalia! Nimelilia mwanamke asiyekuwepo."

Akashuka. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, au kwa kingine.

"Milango nimetengeneza mpaka nimechoka," akasema. "Kazi kama hii sitaiona tena. Na ikiingia majini bila fundi, itazama."

Kumbe moyo wangu haukunidanganya. Palikuwapo anayenichukulia mume. Tofauti ni kwamba alikuwa wa mbao.

Nikauweka ule unga wa ulezi juu ya mashua.

"Nimemletea mzazi wako uji," nikasema. "Sikiliza, Baba Tabea. Angekuwa mwanamke, ningemwachia. Mbao siziachii mume. Tunakwenda wote, au unabaki na sisi."

Elieza akamtazama Bwana. Bwana akatazama dari, akakuna kidevu.

"Lori kubwa," akasema.

Dada zangu, moyo ukikuambia kuna kitu, kipo. Ila usikivalishe sura kabla hujakiona. Mimi nilikivalisha sura ya mwanamke, nikakaribia kukimbia kabla sijajua ninachokipigania.

Kazi ilipokwisha tuliondoka asubuhi moja, mashua imefunikwa magunia mabichi isikauke tena. Tulipopita Lugarawa kuelekea Ludewa na ziwani, wanaume wa kando ya barabara wakaacha majembe, wakashika mbavu.

"Nuhu! We Nuhu! Mvua iko wapi?"

Elieza akajificha chini ya kofia. Tabea akasimama mapajani pangu, akawapungia, akapaza sauti:

"Tumo wote!"