Kompyuta Iliyosahau Mwaka

Sogeza kiti nikueleze, maana hata mimi nilikaa na kompyuta miaka mingi bila kujua kwamba ndani yake kuna betri. Sisemi laptop yenye chaji. Nasema ile ya mezani, isiyowaka bila umeme wa ukutani.

Nina duka dogo la steshenari Kariakoo, kwenye jengo ambalo mlinzi wake huzima swichi kuu kila jioni kwa kuogopa moto. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta nilikuwa naikuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Nikazoea kuiandika upya, kama ninavyofagia mlangoni, na lawama zote nikampa mlinzi.

Siku moja nilimkuta mama wa makamo ananisubiri na bahasha ya vyeti. Alikuja kumwombea bintiye nafasi katika chuo cha uuguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo. Binti mwenyewe alikuwa Lindi, anamuuguza bibi yake. Kwa haraka ya kumhudumia, nikasahau tarehe.

Tovuti ya chuo ikakataa kufunguka. Kila nikijaribu, naonywa kwamba si salama. Nikalaumu mtandao, nikabadilisha laini, nikazima na kuwasha. Adhuhuri ikaadhiniwa. Yule mama hakulalamika. Alikuwa akitoa vyeti kwenye bahasha na kuvirudisha, kwa mpangilio ule ule.

Mwishowe akainama karibu na kioo, akasoma tarehe iliyo pembeni.

"Mwanangu, mwaka huu ulioandikwa hapa, binti yangu alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Watampokea kweli?"

Nikaona aibu, kisha nikacheka, naye akacheka. Tovuti huonyesha kitambulisho chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yangu, ikiamini tuko miaka ile, iliona kitambulisho hicho hakijaanza kutumika, ikagoma. Nikaandika tarehe sahihi, ukurasa ukafunguka. Tulipoona kwamba maombi yamepokelewa, mama alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaomba maji ya kunywa. Na mimi nikanywa.

Kesho yake nikamweleza fundi saa wa kibarazani pale mtaani. Akanifungulia mashine na kunionyesha kibetri cha duara, kama kitufe cha koti, kimekaa kwenye ubao mkuu.

"Umemsema mlinzi mwaka mzima," akanitania, "kumbe mgonjwa unaye mwenyewe."

Alinifafanulia kwamba kompyuta ina saa yake ndani. Umeme ukiwepo, saa inatumia huo. Swichi kuu ikizimwa, kibetri ndicho kinachoiwezesha kuendelea kuhesabu hadi asubuhi. Kwenye mashine za zamani kama yangu, kibetri hicho hutunza pia mipangilio inayosomwa wakati wa kuwaka. Changu kilikuwa kimekwisha. Akaweka kipya kutoka kwenye kijisanduku chake cha betri za saa, na tangu hapo mlinzi anazima atakavyo. Nilimwomba radhi; hakujua hata namlaumu kwa nini.

Nawe, ukikuta tarehe ya kompyuta yako imerudi nyuma, isahihishe kwanza umalize kazi yako. Kisha izime, chomoa waya ukutani, toa kibetri hicho, na ukanunue kingine chenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake, ukiweke pale pale.