Redio Yenye Taa

Mama alitaka redio ya kusikiliza matangazo ya vifo jioni. Dukani Migori nikamchagulia ndogo, ya betri mbili. Kaka yangu mkubwa, msomi wa boma, akairudisha. "Wewe ulisomea wapi? Mama achukue hii kubwa, ina taa."

Ilikula betri nane, na kaka ndiye aliyezimaliza kwa kusikiliza rumba. Mama akawa anazianika juani, juu ya bati, zipate nguvu kidogo.

Dada yake Mama alipofariki Homa Bay, tangazo lilisomwa betri zikiwa zimekufa. Tulifika kaburi limeshafunikwa.

"Mama, ungeniambia ninunue betri," kaka akasema.

"Mwanangu, beba redio yako. Hiyo taa ikuonyeshe njia ya kwako."

Akaibeba, bila haya.