Karamu kwenye mpaka wa mama mdogo

Mpaka leo nikifika kwenye neno lenye l au r, mkono wangu husimama kwanza. Nalitamka polepole, halafu najicheka, maana kulitamka hakunisaidii kitu. Huku kwetu ulimi hauzitofautishi hizo herufi mbili. Nimesoma hadi darasa la saba, na sikujua kwamba sijui mpaka siku ya karatasi ya mama mdogo.

Huyu mama mdogo, anayemfuata marehemu mama yangu, anaishi Morotonga. Shamba lake limepakana na la mzee mmoja, na mpaka wao ni mstari wa makonge. Mama mdogo alisema mzee ameusogeza. Mzee alisema makonge yamejisogeza. Nilikwenda kuangalia mwenyewe, na kusema haki, kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Konge huchipua pembeni. Shina la zamani likifa, mstari unahama bila mtu kuugusa. Lakini niliona pia mashimo mawili mapya, na konge halichimbi shimo.

Walivutana misimu miwili, mwisho mzee akaukubali mstari wa mashina ya zamani. Ila Jumamosi jioni alikuwa anasafiri kwenda Genkuru, kwa wanawe wanaofanya kazi ya dhahabu.

"Nitie saini kabla sijaondoka," alimwambia mama mdogo. "Nikikaa kule miezi, watoto watanijaza maneno mengine."

Mama mdogo akaja kwangu. "Hili likinipita, nusu ya shamba imekwenda. Andika, mwanangu. Waite majirani washuhudie."

Niliandika maelezo ya mpaka, kisha vikaratasi vinne vya kuwaita watu. Kalamu yangu ilikuwa inakatakata wino, kwa hiyo chini ya kila kikaratasi niliongeza: kila mmoja aje na karamu yake. Nilipomaliza cha nne, wino ukaisha kabisa.

Jumamosi wa kwanza kufika alikuwa mama mwenye duka, sufuria kichwani. Nyuma yake jirani mwingine na kuku, na mwingine na ugali wa mtama ndani ya kitambaa. Mzee mwenyewe alibeba kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karamu yangu hii hapa. Sijawahi kuona mpaka unaoliwa."

Nilidhani wananitania. Nikaomba mwenye kalamu aitoe tuanze. Wakatazamana. Mama mwenye duka alikulia Mwanza, sikio lake halifanani na letu. Akatoa kikaratasi changu.

"Soma ulichoandika, katibu."

Nikasoma. Niliona kiko sawa.

"Hiyo ni karamu ya kula. Ya kuandikia ina l."

"Na dukani kwako hakuna hata moja?"

"Zimekwisha tangu shule zifunguliwe. Mnaandika sana siku hizi, hata msiyoyajua."

Walicheka wote isipokuwa mama mdogo. Tulikula, maana chakula hakirudishwi nyumbani. Yeye hakugusa kitu. Macho yake yalikuwa kwenye begi la mzee pale mlangoni. Mzee alinawa, akasimama, akalichukua.

Hapo mama mdogo akaigeuza sufuria chini juu, akadondoshea mafuta kidogo ya mchuzi kwenye masizi, akasugua kidole gumba na kukibandika kwenye karatasi. Kisha akamsogezea mzee ile sufuria.

"Dole gumba unalo, mzee. Hilo halitaki l."

Mzee aliweka begi chini. "Ningekuwa na nia mbaya," alisema, "leo mngenipa sababu nzuri sana." Akabandika. Mashahidi wakafuata.

Nimejiuliza mara nyingi: bila kile chakula angebandika? Miezi baadaye nilimuuliza. "Nilikuwa nawahi gari," akanijibu. Mama mdogo anaamini ni kwa sababu walikula pamoja, ingawa yeye hakula. Mimi sijui. Siwezi kuandika kwamba kosa langu lilisaidia, kwa kuwa lilikaribia sana kumpotezea shamba.

Mvua za mwaka huu makonge yalichipua tena, safari hii upande wa mama mdogo. Mzee alikuwa amerudi. Mama mdogo akanituma ndani nilete karatasi. Niliitoa kwenye kopo la majani ya chai, nikaenda nayo haraka, nikipanga kichwani nitakavyoisoma. Nilipofika, mzee alikuwa ameinama na jembe anayang'oa machipukizi, mama mdogo anayavuta pembeni, wanabishana.

"Chimba chini zaidi, hilo litarudi."

"Nikichimba zaidi utasema nimeingia kwako."

Mama mdogo akaniona. "Rudisha hiyo, utaifuta bure."

Nikairudisha kwenye kopo. Masizi yalikuwa yamebaki kwenye kidole changu, sijui ni ya dole la nani.