Imekula au Ina Njaa?

Usiku ule tulilala wanne nyumbani: mimi, mwanangu Ramadhani, mkewe Asha, na binti yao Zena, mjukuu wangu, ambaye hulala na mimi. Wa tano alikuja ndotoni, marehemu mume wangu Kondo, baba yake Ramadhani.

Nilimwona amesimama mlangoni, miguu imelowa umande, ingawa jua lilikuwa la saa sita mchana. Begani hana kitu. Bunduki yake ya kufukuzia nguruwe shambani alimwachia Ramadhani, na kibali Ramadhani anacho.

"Pita, baba Ramadhani. Mbona unasimama kama mkwe?"

"Hujauliza."

Nikakumbuka. Enzi zake haingii na bunduki mpaka nimwulize, "Imekula?" naye ajibu, "Ina njaa," maana yake baruti na goroli ameshazitoa huko nje. Asipojibu hivyo, ugali unapoa na yeye yuko uani. Kisha bunduki sandukuni, kufuli, ufunguo kwangu.

Nageuka nimwulize, mlango haupo. Shamba limo ndani ya nyumba, mahindi yanagusa bati. Katikati, juu ya kigoda changu, imekaa ile bunduki, imejifunga kanga yangu kama mgeni. Zena amepiga magoti mbele yake na bakuli la uji.

"Bibi, mgeni hataki. Anasema ameshiba."

Nataka kumvuta mtoto, mikono haininyanyukii. Kondo ananitazama, hacheki.

"Nani alimwuliza mlangoni, mama Ramadhani?"

Nikaamka. Zena yupo ubavuni, anakoroma. Nikaita kupitia ukutani, "Ramadhani! Ile bunduki imekula?"

"Lala, mama. Hayo mambo ya baba."

"Nakuuliza, imekula?"

Asha akadakia, "Mjibu mama yako, we!"

"Nguruwe hawakutokea," akasema polepole. "Nikaona kesho nitarudi nayo vilevile."

Ilikuwa imesimama nyuma ya mtungi, pale Zena anapochota maji kila akiamka. Ramadhani akaishika, mdomo ukitazama chini, akachomoa fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, akatoka nayo. Iliyobaki akaitolea mbali na nyumba. Ndipo ikarudi sandukuni.

Siku hizi Asha ndiye anayesimama mlangoni kuuliza.

Mliomjua Kondo, kama nimekosea jina au neno lake, nisahihisheni, sitanuna. Ila mwenye bunduki kwake, kabla hajanijibu, akaitazame kwanza.